Chura Hunywa Sakafu Yake

Changarawe niliichagua kwa sababu ilipendeza. Vijiwe vya kahawia na vyeupe, laini kana kwamba mto umevisugua miaka mia, na taa ya tangi ikiwaka juu yake ilikuwa kama picha ya kalenda. Chura mwenyewe wakati huo alikuwa na ukubwa wa ndimu, kijani mwenye mabaka, mdomo umechukua karibu nusu ya mwili. Tulimwita Bonge siku hiyo hiyo. Ni wa jamii ya Ceratophrys, vyura wa Amerika ya Kusini wenye vijipembe vya nyama juu ya macho, ambao kazi yao maishani ni kujifukia ardhini, macho yabaki nje, na kungoja kitu kipite mbele yao. Hayo nilikuwa nimeyasoma kabla ya kumnunua. Nimesoma kwamba anajifukia, kisha nikampa mawe.

Siku ya tano alimrukia nyenje. Vyura hawa hawadokoi kwa ulimi mrefu kama kinyonga. Hujitupa mwili mzima, kinywa wazi, na ulimi unanata, hivyo chochote ulichokigusa huingia. Aliingia nyenje, na vikaingia vijiwe viwili. Macho yakazama kichwani, kwa kuwa vyura husukuma chakula kooni kwa kuyavuta macho ndani, jambo ambalo hadi leo silichoki kulitazama. Nilicheka. Nilidhani vijiwe angevitema.

Hakutema. Wiki nzima hakupata choo, tumbo likawa gumu upande mmoja, na nyenje wakampita puani asiwajali. Daktari wa mifugo wa kwanza niliyempigia simu alisema hatibu vyura. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alinipokea, akampiga picha ya eksirei, na vijiwe vikaonekana vyeupe pe. Tukaambiwa tumwogeshe kwenye maji ya vuguvugu yenye kina cha kidole kimoja, dakika 20, mara mbili kwa siku. Siku ya nne kimoja kikatoka, siku ya sita cha pili. Vingekuwa vikubwa kidogo tu, angepasuliwa. Ada ya matibabu ilizidi bei ya chura mara tano, na hapo sijahesabu nauli. Changarawe ile iko kwenye chungu cha maua dirishani mpaka leo.

Baada ya hapo Bonge aliishi majuma mawili juu ya karatasi za kupangusia zilizoloweshwa. Wafugaji wengi huzidharau karatasi hizo kwa kuwa hazina sura, lakini mimi nitazitetea. Unaona kila kinachotoka kwa chura: choo kimetoka au hakijatoka, kina damu au hakina, kuna mnyoo au hakuna. Unabadilisha kila siku bila hesabu. Hakuna cha kumeza. Chura mgeni, au mgonjwa, ningemweka juu ya karatasi mwezi mzima kabla ya kumtengenezea makao ya kudumu. Ubaya wake ni kwamba chura wa kujifukia hapati pa kujifukia, na Bonge alikesha akisukuma kona za kioo kwa kichwa hadi ngozi ya puani ikachubuka. Nikaona basi, sasa ni wakati wa udongo.

Nilitumia usumba, yaani nyuzi na unga wa makumbi ya nazi. Huuzwa ukiwa matofali makavu yaliyoshindiliwa. Unalitia tofali kwenye ndoo ya maji na linavimba mpaka unashangaa limetokea wapi. Usumba unashika maji bila kugeuka matope, hauna mbolea wala dawa kama udongo wa bustani wa madukani, na chembe zake ni ndogo kiasi kwamba chura akimeza kidogo hutoka salama. Vipande vya magome ni hatari ile ile ya changarawe, ila vimevaa nguo nyingine. Mchanga nao sikuugusa.

Kosa langu la kwanza na usumba lilikuwa maji ya bomba moja kwa moja. Klorini hutoka yenyewe ukiyaacha maji wazi siku nzima, na hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba sehemu nyingi maji hutiwa kloramini badala yake, na hiyo haitoki kwa kungojwa. Dawa ya kutuliza maji inayotumiwa na wafuga samaki huondoa zote mbili, matone machache kwa ndoo. Niligundua mapema, nikaanza upya, na sidhani Bonge alidhurika.

Kosa la pili karibu lifunge kaburi.

Nilikuwa na imani, sijui niliitoa wapi, kwamba usumba unajisafisha. Kila nikiona kinyesi juu nilikiokota, nikajiona msafi. Lakini chura anayekaa amejifukia hujisaidia hapo hapo alipojifukia, chini, pasipoonekana. Mkojo nao hauokotwi. Kwa miezi miwili na nusu sikubadilisha sakafu. Harufu ilikuwapo, ile inayochoma pua kama mkojo wa paka, ila chumba hicho hicho kilikuwa na kasha la nyenje, na nyenje wananuka. Nikaitupia lawama zote kasha. Hilo ndilo ninalolijutia zaidi: pua yangu ilinionya na mimi nikaielekeza kwa mtuhumiwa asiye.

Usiku mmoja nikasikia kishindo. Bonge, ambaye siku tatu hupita hajasogea unene wa kidole, alikuwa anajirusha kwenye kioo, anaanguka, anajirusha tena. Miguu ya nyuma ilinyooka ikakakamaa, ikatetemeka, ikalegea, ikanyooka tena. Nilidhani ni kifafa.

Alikuwa amejinywesha sumu. Chura hanywi kwa mdomo. Chini ya tumbo na mapajani ana sehemu ya ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu, na hapo ndipo anapofyonzea maji. Akiketi kwenye usumba uliolowa, anakunywa huo usumba. Kinyesi kikioza na mkojo ukikaa, amonia hujijenga humo, na yeye hana namna ya kuchagua avute maji aache amonia. Kila kilichomo sakafuni anakinywa: nyenje aliyefia chini, mabaki ya sabuni mikononi mwangu, kila kitu.

Nilichofanya usiku ule, daktari akinielekeza kwa simu, kilikuwa kumtoa, kumsuuza kwa maji yaliyotulizwa, na kumweka kwenye beseni lenye maji masafi yasiyofika puani, nikiyabadilisha kila nusu saa. Ngozi ile ile aliyofyonzea sumu ndiyo ingefyonza maji ya kumsafisha. Mpaka alfajiri mitetemo ilikuwa imepungua. Siku mbili zaidi kwenye karatasi, na akala. Wapo waliochelewa saa chache tu wakampoteza chura wao. Ukiona chura mtulivu amekuwa na wazimu wa ghafla, usikae kusoma. Mtoe kwenye ile sakafu kwanza.

Tangu hapo nina kalenda imebandikwa ubavuni mwa tangi. Kinyesi ninachokiona kinatoka siku hiyo hiyo, pamoja na konzi ya usumba unaokizunguka. Sakafu yote hubadilishwa kila wiki ya tatu au ya nne, na mapema zaidi kama pua inasema hivyo. Tangi huoshwa kwa maji ya moto bila sabuni. Kina cha usumba ni sentimita 8 hivi, amtoshe kujifukia hadi mabega. Bakuli la maji, kina chake kisichozidi kidevu chake akiwa ameketi, hubadilishwa kila siku, kwa kuwa nalo analifanya choo.

Unyevu ulinisumbua muda mrefu. Kipimo cha ukutani kinapima hewa, wakati chura anaishi udongoni. Mwishowe nikaacha kukiamini nikaamini mkono: shika konzi ya usumba, ukamue kwa nguvu. Yakidondoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakichuruzika, umezidisha, na ngozi ya tumbo itapata vidonda na wekundu wa bakteria. Ukifungua kiganja na donge likamomonyoka lenyewe, pakavu mno. Ukavu nao una vituko vyake, maana vyura hawa kwao hupitisha kiangazi ardhini wakiwa wamejifungia ndani ya tabaka la ngozi yao wenyewe kama gunzi ndani ya maganda. Nilipata kuliona mara moja nilipokuwa safarini siku kumi na aliyebaki nyumbani akasahau kunyunyiza. Nilirudi nikakuta chura mkavu, amefunikwa na utando kama karatasi, haamki. Nililia. Kisha nikamweka kwenye maji na baada ya saa moja akaula huo utando.

Sasa wadudu. Naomba niseme wazi kwamba mtu akinunua chura anajiona amenunua chura, kumbe ameanzisha ufugaji wa wadudu na chura ni mteja wake mmoja. Bonge ananichukulia dakika kumi kwa siku. Nyenje, mende na funza wamenichukulia Jumamosi zangu.

Mwanzoni nilikuwa namwagia nyenje ishirini tangini na kwenda kulala. Nilidhani atajipimia. Asubuhi sikuwaona, nikasema kala wote. Walikuwa wamejificha chini ya bakuli, nyuma ya gome la mapambo, na wengine ndani ya usumba. Nyenje mwenye njaa hula chochote, na chura aliyelala amejifukia ni nyama iliyotulia. Niliamka siku moja nikakuta kidonda juu ya jicho la kushoto, na nyenje mmoja amekaa pale pale kwenye pembe, anatafuna bila haraka. Kidonda kilipona kwa dawa ya macho ya wiki mbili, ila kijipembe cha kushoto mpaka leo ni kifupi kuliko cha kulia.

Sheria yangu tangu siku hiyo ni ya hesabu: nyenje wangapi wameingia, wangapi wameliwa mbele ya macho yangu, wangapi nimewatoa. Hesabu isipotimia natia kipande cha karoti karibu na bakuli, nazima taa, narudi baada ya saa moja na tochi. Nyenje aliyejificha atakuwa juu ya karoti, na hata nisipomwona, afadhali atafune karoti kuliko chura. Ukubwa pia una kipimo: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya chura.

Nilijaribu kumlishia nje ya tangi, kwenye karai tupu, ili asimeze usumba. Wako wanaofanikiwa. Bonge kila akiinuliwa alivimba kama puto, akalia kama mtoto aliyebanwa mlangoni, na hakula. Nikaja kwenye kibano kirefu chenye ncha butu: nampelekea mdudu mbele ya uso, juu kidogo ya sakafu, anamnyaka hewani. Ncha butu ni lazima, kwani anaking'ata na kibano chenyewe. Vidole vyangu pia amevionja mara mbili, na ana meno.

Kuhusu kufuga nyenje, nilianza kwa kuagiza 300, kwa sababu ukinunua wengi kila mmoja anakuwa rahisi. Niliwatia kwenye kasha la plastiki lenye kifuniko nilichokitoboa matundu kumi ya msumari, nikawawekea viazi vibichi na kitambaa kilicholowa maji. Siku ya pili kuta za kasha zilikuwa zinatoa jasho. Siku ya tatu nilikuwa na supu. Harufu ya nyenje 200 waliokufa kwa pamoja siwezi kuieleza, mama yangu alisimama mlangoni mwa chumba, kashika pua, akaniuliza, “Mwanangu, umeleta chura humu ndani au umeleta msiba?”

Nilijifariji kwamba ni ugonjwa. Na kweli upo: kuna kirusi, densovirusi, kinachowaua nyenje wa kawaida wa kufugwa, Acheta domesticus, na kiliwafilisi wafugaji wakubwa wa Ulaya miaka ya 2000, kisha wa Amerika ya Kaskazini kuanzia 2009 na 2010. Ila wangu hawakufa kwa kirusi. Waliosalia walipona siku niliyokausha kasha. Nyenje wanataka joto la nyuzi 28 hadi 30 na hewa kavu inayopita. Nikakata kifuniko karibu chote nikabandika wavu wa chuma, kwa kuwa wa plastiki wanautafuna. Chini sikuweka kitu chochote, kasha tupu, ili uchafu ufagiliwe kwa urahisi. Trei za mayai nilizisimamisha wima, kinyesi kidondoke badala ya kukaa juu yake. Maji hupata kwenye vipande vya karoti vinavyobadilishwa kila siku, maana kwenye bakuli la wazi huzama. Waliokufa hutolewa kila siku, bila kusamehe hata siku moja.

Halafu kuna kelele. Dume ndiye anayeimba, na anaimba usiku. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wangefuga nyenje wangeongeza kwamba zao humzuia mtu kulala. Jike utamjua kwa mshale mmoja mrefu wa kutagia unaotokeza nyuma katikati ya vijiti viwili vifupi, kwa hiyo mwenye subira anaweza kuchagua na kuwalisha madume kwanza. Nimefanya hivyo, saa nane za usiku, kwa hasira.

Ndipo nikahamia kwa mende. Si hawa wa jikoni. Ni Blaptica dubia, mende wanene wa Amerika ya Kati na Kusini ambao wafugaji huwaita dubia tu. Hawaimbi, karibu hawanuki, hawawezi kupanda ukuta laini wa plastiki, na jike huzaa watoto hai badala ya kuacha mayai. Nyumbani ilibidi niweke kikao. Neno “mende” lina historia na familia yangu, na hadi leo kasha lao limefunikwa kitambaa kwa heshima ya wageni. Uvumilivu unaotakiwa ni wa mwanzoni: mtoto wa dubia huchukua miezi minne mitano kukomaa, na mimi baada ya mwezi mmoja tu nilianza kumlisha Bonge majike. Nikala mbegu, kwa maneno mengine, na ikanibidi ninunue upya. Subiri uone watoto wa ukubwa wote kasha zima kabla hujamtoa hata mmoja.

Tabia yao moja haifai kabisa na sakafu ya usumba: ukimwachia dubia tangini, sekunde kumi baadaye ameshajichimbia na humwoni tena. Mmoja niliyempoteza mwezi wa saba nilimkuta mwezi wa tisa nikibadilisha sakafu, kanenepa. Dubia ni wa kibano tu, au bakuli la kauri lenye kuta laini na refu kidogo.

Funza wa njano, wale wanaogeuka mbawakawa weusi, ni rahisi kuwatunza kwenye pumba za ngano, na wakikaa sehemu ya chini ya friji hulala kwa majuma. Lakini pumba zikipata unyevu tu, utitiri huingia. Nilidhani ni vumbi la pumba mpaka nilipoona vumbi linatembea. Nikatupa kila kitu. Isitoshe, ganda lao ni gumu na mafuta ni mengi, na Bonge kwa wakati huo alikuwa anaanza kustahili jina lake kupita kiasi. Nyungunyungu ndio waliokuja kuwa chakula chake cha kawaida, walaini na wenye kalsiamu bora kuliko nyenje, mradi watoke kwenye udongo ambao haujanyunyiziwa dawa. Wale wadogo wekundu wa kwenye mboji wengine hutoa majimaji machungu. Bonge aliwatema, akajipangusa mdomo kwa mikono miwili, akanitazama.

Nilikuwa na Bonge kama mwaka mmoja nilipoona vidole vya mguu wake wa nyuma vinatetema. Vinacheza vyenyewe, kama minyoo. Nikakumbuka ile amonia, nikakumbuka niliyoyasoma kuhusu mifupa laini kwa kukosa kalsiamu, nikamfunga kwenye kopo lenye karatasi yenye unyevu na kukimbia kwa daktari. Daktari alimtazama, akamkagua taya na uti wa mgongo, akacheka. Ni chambo, akasema. Vyura wa jamii hii huchezesha vidole vya nyuma ili mawindo yadhani ni mdudu yasogee. Alikuwa na njaa tu.

Lakini kabla sijainuka akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: “Nyenje wako wanakula nini?”

Nilimjibu kwamba nyenje wangu wanaliwa.

Hapo ndipo nilipofundishwa. Wadudu wengi wa kulishia wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, nyenje mara kadhaa zaidi, wakati chura anahitaji kalsiamu ndiyo izidi, au angalau zilingane. Mizani ikikaa vibaya muda mrefu, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa, taya linakuwa kama mpira na chura anashindwa hata kumbana mdudu. Dawa ni mbili kwa pamoja. Kwanza mdudu ashibe kabla hajaliwa: saa 24 hadi 48 za majani mabichi ya kijani, karoti, malenge na chakula kikavu kizuri, kwa sababu tumbo la mdudu ndilo kachumbari ya chura. Pili, unga wa kalsiamu wenye vitamini D3: mtie mdudu kwenye kopo na unga kidogo, mtikise, mpeleke moja kwa moja mdomoni. Nilikuwa naupaka, kisha nawaachia nyenje watembee kwenye usumba uliolowa. Ndani ya dakika chache walikuwa wamejisafisha, na unga wangu wa bei umekuwa sehemu ya sakafu.

Vitamini A nayo ina mtego wake. Karoti haina vitamini A yenyewe, ina kiini chake, na vyura wengi hawakibadilishi vizuri. Wanaihitaji ikiwa tayari, kwenye unga wa vitamini wenye retinoli, la sivyo hufika mahali ulimi ukashindwa kunata na chura akawa anakosa kila anachokirukia. Mimi hutumia kalsiamu karibu kila mlo na huo unga mwingine mara chache, kwa ratiba ya daktari, kwani kuuzidisha pia ni sumu.

Mpwa wangu wa miaka sita alinijia jioni moja, viganja vimefumbwa. “Mjomba, nimemletea Bonge taa.” Kafumbua kidogo: kimulimuli. Nilimshukuru, tukakirudisha kwenye majani pamoja, na nikamweleza kwamba vimulimuli wengine wana sumu ya moyo ambayo mmoja tu anaweza kumuua mnyama mdogo kama yule. Kwa ujumla sichukui mdudu wa nje, hata panzi mzuri kiasi gani. Siwezi kujua jana alikula jani lililonyunyiziwa nini.

Nilijaribu pia ile sakafu hai inayosifiwa sana: tabaka la kokoto za udongo chini kwa ajili ya maji, wavu, udongo, majani makavu juu, na jeshi la kolembola (vijidudu vidogo mno vya udongoni) na isopodi (vijidudu vyenye magamba vinavyoishi chini ya majani yaliyooza) wanaokula ukungu na kinyesi. Kwa vyura wadogo wa miti inapendeza na inafanya kazi. Kwa Bonge, isopodi waliisha kwa kuliwa, mimea ikafukuliwa, na kinyesi cha chura wa ukubwa wake kiliwashinda kolembola kabla ya mwezi. Nimebaki na kolembola peke yao ndani ya usumba wa kawaida, wananisaidia na ukungu, na kalenda yangu iko palepale.

Usumba uliotumika usiumwage bustanini wala kwenye mtaro, na maji ya tangi vilevile. Kuna kuvu ya ngozi, Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina hilo mwaka 1999, ambayo imewamaliza vyura wa porini katika mabara kadhaa, na biashara ya wanyama ni mojawapo ya njia zilizoisambaza. Chura wako anaweza kuibeba bila kuonyesha dalili. Mimi hufunga usumba kwenye mfuko na kuutupa na taka za kawaida, maji yanakwenda chooni.

Sasa Bonge ana miaka mitano na ukubwa wa sahani ndogo. Anakula mara moja kwa wiki, wakati mwingine kwa siku kumi. Jana ilikuwa zamu ya nyenje. Walitoka wanane kwenye kasha, saba wameliwa mbele ya macho yangu, wa nane aliruka kutoka kwenye kibano akapita chini ya kabati. Nimeweka karoti. Ninapoandika haya ni saa saba za usiku, na kwa sauti ninayoisikia, ni dume.